Sauti ya Baba iko kwenye diski, na hivi ndivyo ninavyoitunza

Mara ya kwanza nilidhani ni mjusi. Wanaoishi Kisumu wanajua, usiku taa zikizimwa mijusi ya ukutani inaanza kuitana, tik tik tik, halafu kimya, halafu tena tik tik tik, na sisi hapa Migosi tuko nayo mingi tu nyuma ya pazia na hatuisumbui maana inatusaidia na mbu. Kwa hivyo nikageuka upande wa pili nilale. Lakini hii sauti ilikuwa inakuja kwa mpangilio, tik tik tik, kisha mvumo mdogo kama kitu kinajaribu kuamka kinashindwa, kisha tik tik tik tena, na nilipoisikia mara ya nne nikajua haitoki ukutani, inatoka kwa kabati ya sebuleni, pale kiboksi kinakaa. Nilitoka kitandani bila hata slipa.

Kiboksi chenyewe ni kile watu wa kompyuta wanaita NAS, yaani badala ya diski ya nje ya kuchomeka kwa laptopu moja, hii inaunganishwa na rauta ya nyumbani halafu kila mtu anaifikia kutoka kwa simu yake au mashine yake. Nilinunua 2018, ina nafasi ya diski mbili, nikaweka mbili za TB 4 kila moja, ya pili inabeba nakala ya kila kilicho kwa ya kwanza. Mimi kazi yangu ni kupiga video, harusi, mazishi, graduesheni, kwaya za kanisa, na harusi moja inaweza kula GB 60 bila shida, kwa hivyo huwezi ukaishi na flashi. Lakini kusema ukweli si harusi za watu zilizonitoa kitandani usiku ule. Ndani ya kile kiboksi kuna Baba.

Desemba 2016 nilimkalisha chini ya mwembe kule Dunga, nikaweka kamera kwa tripodi, nikamwambia Baba niambie habari ya ziwa tangu mwanzo. Alikuwa amevua samaki maisha yake yote. Akaongea saa mbili na dakika kumi, kwa Dholuo, bila kuomba maji, habari ya ngege walivyokuwa wengi kabla mbuta hajajaa ziwani, majina ya pepo na saa zinazovuma, venye gugu maji likifunga ufuo mnabeba mashua begani, na kila baada ya muda ananiangalia nyuma ya kamera anauliza, "Nyathina, hiyo kitu bado inachukua?" Alitutoka 2019. Hiyo rekodi ndiyo sauti yake yote tuliyo nayo, ukitoa voisi noti mbili za kuuliza kama tumefika salama.

Sasa rudi sebuleni, Aprili 2021, saa nane usiku, mvua imenyesha, stima imepotea na kurudi kama mara tatu tangu jioni. Taa ya diski ya pili ilikuwa ya machungwa, ile ya kwanza inapepesa, na kiboksi kinajiwasha, kinatikatika, kinajizima, kinajiwasha tena. Nikafanya kitu kimoja ambacho hadi leo nashukuru, nikachomoa waya wa stima kabisa kabisa. Diski ambayo inajaribu kuamka na kushindwa, kila jaribio linaweza kuongeza majeraha, kwa hivyo ukisikia hiyo tik tik usiendelee kuwasha na kuzima ukitumaini itajirekebisha. Chomoa, kalia kiti, ngoja asubuhi.

Asubuhi ushauri ukaja wa kila aina. Shemeji yangu akasema nitoe diski niiweke kwa friza usiku mmoja, ati ameona mahali watu wakifanya hivyo. Tafadhali usifanye. Ukitoa kitu baridi kwa friza ukakileta kwenye hewa ya Kisumu kinatoka jasho, unajua chupa ya soda inavyotoka jasho mezani, na diski inalowa vivyo hivyo, halafu unaipa stima ikiwa na maji. Kama ilikuwa na nafasi ya kupona, hiyo nafasi umeimaliza.

Nikakibeba kwa kikapu, nikapanda boda hadi mjini kwa fundi mmoja, mzee mtulivu anayefanyia kazi kwenye kibanda kidogo, zamani alikuwa anatengeneza redio. Nikamwambia fundi, diski zangu zimekufa. Akaniuliza, "Adapta yake iko wapi, dada?" Nikamwambia adapta ni nzima, taa yake inawaka. Akacheka kidogo, akaipima na mita, ikasoma volti 12 na kitu, nzuri kabisa. Halafu akaichomeka kwa kiboksi akashikilia zile ncha za mita pale pale kiboksi kikiwa kinajaribu kuamka, na nikaona namba kwa macho yangu, 12, 11, 10 na kitu, tik, ikarudi 12. Akaifungua ile adapta kwa bisibisi na nyundo ndogo maana ilikuwa imegundishwa, ndani kukawa na kapasita mbili, zile za umbo la mkebe mdogo, moja kichwa chake kiko bapa kama sarafu na ya pili kimevimba kama mandazi, na chini yake ute wa kahawia umekauka. Akaigusa na kidole. "Huyu ndiye mgonjwa wako. Diski zikianza kuzunguka ndio zinavuta stima nyingi kuliko wakati wowote, huyu anashindwa, zinarudi chini. Usizilaumu."

Adapta mpya ilinigharimu shilingi 1,800. Nilikuwa nimeshalia tayari, nimeshapigia dada yangu wa Nakuru nikamwambia Baba amepotea, na tatizo lilikuwa mkebe mdogo kuliko kucha ya kidole gumba. Tangu siku hiyo mtu akiniambia diski yake imekufa namuuliza kwanza stima inaingilia wapi. Soketi, ekstensheni, adapta, kile kichomekeo cha mwisho. Halafu waya wa intaneti. Diski yenyewe nafikia mwisho.

Na hadithi haikuisha, maana nilipofika nyumbani nikawasha, taa zote kijani, hakuna tik, lakini laptopu ikasema hakuna kitu kama hicho. Hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa na wengine wanaanza kubonyeza kile kitufe kidogo cha nyuma cha kurudisha mambo kama kilivyotoka kiwandani, usikiguse kabla hujajua kinafuta nini. Shida yangu ilikuwa anwani. Rauta ndiyo inagawa namba kwa kila kitu kilicho ndani ya nyumba, simu, tivii, laptopu, na kiboksi kilipokaa siku tatu bila kuwashwa ile namba yake ya zamani, 192.168.1.14, ikapewa simu ya mgeni fulani, kiliporudi kikapewa nyingine, na laptopu bado inagonga mlango wa zamani. Ingia kwa ukurasa wa rauta, angalia orodha ya vifaa, utakikuta kimekaa tu salama na namba mpya. Halafu ukiwa bado hapo hapo ndani ya rauta mwekee namba ya kudumu, rauta nyingi zina hiyo setingi, unachagua kifaa unaiambia hiki namba yake ni hii siku zote. Dakika tano, na hilo tatizo halikurudi tena.

Kuna ndugu yake hilo tatizo, linapata wenye viboksi vya zamani. Unanunua laptopu mpya na yenyewe haioni kiboksi ambacho laptopu ya zamani inakiona vizuri. Mara nyingi ni kwa sababu kiboksi kinaongea ile lugha ya zamani ya kushiriki mafaili, SMB1, na Windows 10 kuanzia mwisho wa 2017 ilianza kuja ikiwa imezimwa. Watakuambia iwashe tu. Usiiwashe, ndiyo mlango uliotumiwa na WannaCry Mei 2017 kufunga mafaili ya watu dunia nzima. Ingia upande wa kiboksi, weka programu yake mpya, chagua SMB2 au SMB3. Kama kiboksi chenyewe ni kizee hakijui hizo, basi toa vitu vyako humo ukipumzishe.

Halafu kasi. Hii ilinisumbua karibu mwaka mzima kabla sijaelewa. Kuhamisha ile harusi ya GB 60 kulikuwa kunachukua saa moja na nusu, na nikajiambia si ni mtandao wa nyumbani, utafanyaje. Siku moja nikaangalia namba, nikaona inakaa pale pale MB 11 kwa sekunde, haipandi haishuki. Ile namba 11 ni kama alama ya mgonjwa, ukiiona imeganda hapo jua kebo au kichomekeo kinaenda kwa megabiti 100, yaani kama MB 12 kwa sekunde, wakati vifaa vyote viwili vinaweza 1000. Ndani ya kebo ya intaneti kuna nyaya nane, jozi nne, na kwa kasi ya 100 zinatumika nne tu, lakini kwa 1000 zinahitajika zote nane. Kwa hivyo ukikatika mmoja wa zile nne zisizotumika kwa 100, mtandao haufi. Unashuka kimya kimya hadi 100 na unaendelea kufanya kazi, hakuna taa nyekundu, hakuna ujumbe, unabaki kuzeeka ukingoja mafaili yaende.

Nilifuata kebo yangu na mkono kutoka kwa rauta, nyuma ya kochi, chini ya zulia, na pale mguu wa kabati ulipoikanyaga nikahisi imebonyea. Nikaipasua na wembe. Ule waya wa kahawia ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, ganda zima, shaba mbili zinaangaliana zimeachana nafasi ya unene wa kadi. Nikanunua kebo nyingine ya mita 5, nikaipitisha ukutani juu juu, na harusi ile ile ikapita kwa dakika tisa. Mume wangu alinikuta sebuleni nimesimama naangalia skrini, nikamwambia njoo uone, ona inaenda 110, na yeye hajui ni 110 ya nini lakini alifurahi na mimi.

Sasa niongee kidogo kuhusu huku kwetu, maana maelezo mengi yameandikiwa watu wa nchi za baridi. Kisumu ni joto, na kiboksi kikiwa ndani ya kabati lililofungwa joto linakaa humo humo. Diski inapenda kukaa chini ya digrii 45, mimi yangu ilikuwa inasoma 54 mchana wa Februari. Watengenezaji wengi wanaandika kikomo ni 60 au 65 lakini hutaki kuishi karibu na ukuta. Nikatoa mlango wa kabati, tu, nikauweka store. Ikashuka 47. Halafu nikafungua feni ya nyuma, na hapa nawaomba wote mlio karibu na ziwa mfungue zenu wiki hii. Wale wadudu wa ziwa, wale wanaokuja kama moshi juu ya maji na usiku wanafuata taa, walikuwa wamejipanga ndani ya feni kama zulia, wamekauka, wamechanganyika na vumbi, na nilipovuta kwa koleo la nyusi kilitoka kipande kizima chenye umbo la mviringo wa feni. Nikisafisha nashikilia mapanga ya feni na kidole yasizunguke, maana ukiipuliza kwa nguvu ikazunguka yenyewe inaweza kutengeneza umeme na kuurudisha kwa bodi. Diski zikashuka 41. Siku hizi nasafisha kila baada ya miezi mitatu, nimefunga na kipande cha neti ya mbu kwa nje ila ni lazima uwe unakitoa kukiosha, kikijaa ni vibaya kuliko kutokuwa nacho.

Na stima. Bonde la Ziwa Victoria ni mojawapo ya sehemu za Afrika zenye radi nyingi sana, mtu wa Kisii au Kakamega hahitaji kuambiwa. Radi haihitaji kupiga nyumba yako, inapiga mahali, inakimbia kwa nyaya, na ikumbukwe intaneti pia inaingia na waya kwa wengi wetu, kwa hivyo ukiona mawingu meusi yanatoka upande wa Nandi na unachomoa stima peke yake umefunga mlango mmoja ukaacha dirisha. Mimi nachomoa vyote viwili. Halafu kuna kupotea kwa ghafla. Ile Ijumaa usiku ya 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipoingia gizani, mimi nilikuwa katikati ya kuhamisha mazishi ya mzee mmoja wa Seme, na kiboksi kilipowaka tena kikachukua karibu siku nzima kujikagua, na mafaili mawili yakawa hayafunguki. Bahati nilikuwa bado sijafuta kadi ya kamera. Wiki iliyofuata nikanunua UPS ndogo, ile ya betri inayoshikilia stima dakika chache ikipotea, na kitu watu hawajui ni kwamba ile UPS ina waya wa USB, usiuache kwa boksi. Uchomeke kwa kiboksi, uweke setingi, ndio stima ikipotea UPS inakiambia jamani tumebaki na dakika chache, na chenyewe kinafunga mafaili na kujizima kwa heshima hata kama wewe uko Kondele unakula samaki. Betri ya UPS inachoka baada ya miaka mitatu hivi, kwa hivyo mara moja kwa miezi sita mimi nazima soketi makusudi nikiwa nimesimama hapo, naangalia kama kweli kitajizima.

Diski ya kweli kufa ilikuja 2024, na haikuja na kelele. Kila diski inajiwekea daftari lake la afya, linaitwa SMART, na kiboksi kinakuonyesha ukitafuta. Kuna namba nyingi lakini mimi naangalia nne. Namba 5 ni vile vipande, wanaviita sekta, ambavyo diski imeshavikataa ikatumia vya akiba. 197 ni vile imeshindwa kuvisoma na bado inangoja kuamua. 198 ni vile vimeshindikana. Na 199 mara nyingi si diski kabisa, ni mawasiliano, kebo au kichomekeo kimelegea, chomoa urudishe vizuri kabla hujanunua kitu. Ya pili yangu ilikuwa sifuri kila mahali kwa miaka sita, halafu 197 ikasema 8. Wiki moja baadaye 16. Halafu 40, na namba 5 nayo ikaanza kusogea. Namba yenyewe si kubwa, lakini diski inayosema 8 ikabaki 8 miezi mingi unaweza kuiangalia tu, ile inayopanda kila wiki inakuambia kwaheri.

Hapa kuna kitu nilikuwa nimekosea tangu siku ya kwanza, zile diski mbili nilinunua siku moja, duka moja, namba zao zinafuatana. Zimefanya kazi sawa, joto sawa, stima mbaya sawa. Na ukibadilisha moja, ile iliyobaki inasomwa yote kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kupumzika ili kuijaza mpya, yaani ndiyo siku yake ngumu kuliko zote. Kwa hivyo kabla sijagusa kitu nilitoa kwanza vile vitu visivyo na mbadala nikaviweka kwa diski ya nje, Baba kwanza, watoto wakiwa wadogo, halafu kazi za wateja ambazo sijakabidhi. Ndipo nikanunua.

Kununua nako kuna mtego. Kuna diski zinaandika mistari yake ikilaliana kama mabati ya paa, wanaita SMR, na hiyo inasaidia kuingiza data nyingi mahali padogo, lakini fikiria unataka kubadilisha bati la katikati, lazima uinue ya juu yake yote. Kwa kuhifadhi picha na kuziacha ni sawa, kwa kujaza diski mpya ndani ya NAS inakuwa mateso, inachukua siku, na kiboksi kingine kinachoka kungoja kinaitupa diski nje. Mwaka 2020 ilijulikana Western Digital walikuwa wametumia mtindo huo kwa baadhi ya diski zao za Red za TB 2 hadi 6, diski zinazouzwa kwa ajili ya NAS, bila kusema, na baada ya kelele wakatoa orodha. Kwa hivyo dukani usiulize TB ngapi peke yake, uliza ni CMR, yaani zile ambazo mistari yake hailaliani, au SMR, muuzaji asipojua soma namba ya modeli uitafute kwa simu hapo hapo kabla hujatuma pesa. Na ukifika nyumbani uone TB 4 imekuwa 3.6 usirudi kugombana naye, mtengenezaji anahesabu kwa elfu na kompyuta inahesabu kwa 1024, hujaibiwa.

Ilichukua saa kumi na moja kujaa. Stima ilipotea mara moja, dakika nne, UPS ikashikilia. Nilikaa sebuleni nikashona vifungo vya yunifomu.

Nimechelewesha kusema hili kwa sababu bado linaniuma. Hizo diski mbili, RAID 1, ni za kukusaidia moja ikifa. Ni hilo tu. RAID ilianzia chuo cha Berkeley kule Marekani mwaka 1987, watafiti watatu, Patterson, Gibson na Katz, walikuwa wanatafuta jinsi ya kuunganisha diski za bei ya chini zifanye kazi ya ile moja kubwa ya bei ghali, na diski nyingi maana yake moja itakufa mapema, kwa hivyo lazima mashine isisimame. Hiyo ndiyo ahadi yake, kwamba kazi haitasimama. Hakuna aliyeahidi kukulinda na mkono wako mwenyewe.

Februari 2022 nafasi ilikuwa imejaa, nikawa nafagia folda za zamani. Kulikuwa na moja inaitwa "Mchanganyiko 3". Nilifungua, nikaona namba namba za kamera, nikadhani ni majaribio ya lenzi, nikafuta. Ukifuta kitu kupitia mtandao hakiendi kwa lile pipa la takataka la laptopu yako, kinaenda moja kwa moja, isipokuwa kiboksi chenyewe kiwe na pipa lake na uwe umeliwasha. Sikuwa nimeliwasha. Na diski ya pili ikafuta sekunde ile ile, kwa uaminifu kabisa, maana ndiyo kazi yake, kufanya kila ambacho ya kwanza imefanya. Nikajaza harusi mbili juu yake. Baada ya wiki moja mama akaniomba nimwekee sehemu ya Baba anaongea juu ya pepo, siku ya kumbukumbu yake. Nikatafuta. Nikatafuta tena.

Fundi alijaribu na programu ya kurudisha. Zikarudi faili zenye majina sahihi na ndani yake harusi ya mtu mwingine.

Ndipo dada yangu akakumbuka kwamba mwaka wa mazishi nilimpa diski ndogo ya nje aipeleke Nakuru, achague picha za kuchapisha kwa programu ya ibada. Ilikuwa kwa droo yake Lanet, chini ya risiti. Akaichomeka nikiwa kwa simu. Akasema, "Iko. Mchanganyiko 3, iko." Nililia barabarani.

Kamera ile kadi yake ilikuwa ya mfumo wa FAT32, haikubali faili moja kuzidi GB 4, kwa hivyo rekodi ndefu inakatwa vipande, kila kama dakika 22 inafungua faili jipya. Baba alikuwa mafaili sita. Nakuru kulikuwa na matano. Nilipokopi 2019 lazima nilichomoa kabla ya la mwisho kumaliza, tulikuwa na haraka, gari la kwenda kuchukua mwili lilikuwa linapiga honi, na miaka mitatu hakuna aliyewahi kufungua ile folda akahesabu. Faili la sita ni dakika 20. Ninakumbuka alikuwa anaanza habari ya usiku ambao dhoruba iliwapeleka upande wa pili wa ghuba na wakaimba mpaka asubuhi wasilale. Wimbo wenyewe aliuimba. Nimemuuliza mama, nimewauliza wazee wawili Dunga, kila mmoja anaukumbuka tofauti.

Kwa hivyo sasa kuna nakala tatu. Moja kwa kiboksi hapa, moja kwa diski ya nje ambayo naichomeka tu wakati wa kukopi halafu naichomoa naiweka kwa chumba kingine, na moja Nakuru, dada anakuja Desemba tunabadilishana, ninampa mpya yeye ananipa ya zamani. Pipa la kiboksi liko wazi, linakaa na vitu siku 30. Mlango wa kukifikia kutoka nje ya nyumba kupitia intaneti nimeufunga, tangu nilivyosoma habari ya Juni 2021, wenye vile viboksi vya My Book Live waliamka wakakuta vimefutwa vikawa vitupu, watu walikuwa wameingilia kwa mtandao, na kiwanda kilikuwa hakijavitolea sasisho tangu 2015. Nikiwa safarini nikihitaji faili nampigia mtoto anitumie.

Na Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kabla ya kupika, nachukua diski ya nje nafungua folda tatu bila kuchagua, nahesabu mafaili, nayalinganisha na ya kiboksi, halafu nacheza moja katikati, si mwanzo, maana faili lililokatika linaweza kuanza vizuri. Mwezi huu ilikuwa faili la tano la Baba, dakika ya 14. Anaelezea jinsi ya kujua mvua inatoka upande gani kwa harufu ya maji. Mama alikuwa jikoni anachambua omena, akasimama na sinia mkononi, akasikiliza mpaka pale anapouliza kama hiyo kitu bado inachukua. "Bado," mama akamjibu, akarudi kwa omena.